KONA YA MWALIMU: Chuo kikuu si cha wenye nchi peke yao



Mama mmoja aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, nimeuza maharagi ya posho ili mtoto amalize sekondari. Sasa amemaliza, ameketi tu hapa nyumbani. Chuo kikuu si ni cha wenye nchi?" Swali lake nalichukua kama la wengi.

Mama, si cha wenye nchi peke yao. Hapa hapa Bujumbura, miaka ya 1960, watoto wa wakimbizi wa Rwanda walipata shule yao ya sekondari, Collège Saint-Albert. Wazazi wao hawakusema tungoje kwanza turudi kwetu. Na wengi walirudi 1994, kwa hiyo wangengoja miaka 30 hivi!

Lakini nisiwadanganye, njia ni nyembamba. Mwaka 2019 UNHCR ilisema kwamba kati ya vijana wakimbizi 100 duniani, 3 tu ndio walikuwa katika masomo ya juu. Mwaka 2023 walifika 7. Wanataka wafike 15 mwaka 2030. Ukichukua vijana wote wa dunia, ni kama 40 kwa 100.

Nini kinazuia wengine? Watu wanasema feza, na ni kweli. Mimi lakini naona karatasi inatangulia feza. Wengi waliovuka mto Rusizi Februari 2025 walifika na nguo za mwilini tu. Diploma imebaki Congo, au imelowa majini. Bila diploma hakuna chuo cha kukuandika. Na hata ukiwa nayo, ile ya Congo inahitaji ekivalansi ya wizara hapa Burundi, yaani karatasi ya kusema kwamba inalingana na ya hapa.

Basi fanyeni hivi tangu leo, hata kama mtoto angali wa tatu au wa nne. Andikeni jina la shule, mwaka, kitivo alichosoma, na kama alifanya egzeta, kodi yake na asilimia aliyopata. Wekeni sehemu mbili tofauti. Pigeni picha ya bulletini na simu, halafu mtumieni ndugu aliye mbali, juu simu nayo inaibiwa. Na ile diploma yenyewe usimpe mtu wa njiani anayesema "mimi nitakushughulikia ofisini". Mpe kopi.

Feza sasa. Kuna bursi inaitwa DAFI, Ujerumani ndiyo ilianza kuilipia mwaka 1992 na UNHCR inaisimamia. Ina jina la Albert Einstein, yule mwanasayansi, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Inamsomesha mtu katika nchi aliyokimbilia. Nafasi ni chache na haipatikani kila mwaka kila mahali, kwa hiyo ulizeni ofisi kabla ya kujenga matumaini. Kule Canada, tangu 1978 wanafunzi wenyewe wa vyuo wanachanga kidogo kidogo juu ya minervali yao ili mkimbizi aje kusoma nao. Hawachagui kutoka nchi zote, lakini mimi jambo hilo limenigusa sana: mwanafunzi analipia mwanafunzi asiyemjua.

Na wakati mwingine chuo ndicho kinamfuata mkimbizi. Dadaab, Kenya, vyuo vya Kenya na Canada vilianza kufundisha mwaka 2013, na wengi walioingia walikuwa walimu wa kambini kama sisi. Kwanza walipewa masomo ya kujitayarisha, lugha na kompyuta. Kiziba, Rwanda, kambi ya Wakongomani wenzetu, Kepler ilifungua masomo mwaka 2015. Kule wanasoma kwa Kiingereza. Hapa Burundi ni Kifaransa, na sisi tumekisoma tangu shule ya msingi. Hiyo ni bahati, tusiiache ipotee.

Sasa neno gumu kidogo, wazazi mnisamehe. Kuingia ni jambo moja, kubaki ni jingine. Kijana wa kambi anatafuta kwanza ruhusa ya kutoka. Akifika Bujumbura anapanga chumba Buyenzi au Kinama na wenzake watatu, anakwenda Mutanga kwa mguu, silabi anasoma ya kuazima. Hapo ndipo simu inalia kutoka kambini: "Tutumie kitu kidogo, wadogo zako hawajala." Njaa ni ya kweli, sikatai. Lakini bursi si mshahara. Ukimkata ya chakula leo, mwezi wa tatu utamwona mlangoni na begi lake.

Na mabinti? Katika marudio ya jioni, wao ndio wanafika mwisho na kutoka kwanza, sababu maji na kuni vinawangoja. Kaka yao naye ana mikono. Nimekwisha kusema.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa darasani. Leteni karatasi zote mlizo nazo, hata zilizochanika, tuandike daftari moja la majina, shule, miaka na kodi. Aliyepoteza zote aje pia, na kama yuko hapa kambini mtu aliyesoma naye darasa moja, waje pamoja.