Njia ya Miguu Nayo ni Barabara

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha walimu, na nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Swali la kwanza nililomwuliza mwanachuo mpya halikuwa la hesabu wala la Kiswahili. Nilimwuliza, "Njia yako ni ipi?" Chuo kilikuwa na vijia vingi, vya kutoka mabwenini hadi bwaloni na bwaloni hadi madarasani, na kila kimoja kilikuwa na wenyewe. Kundi lake lilikifagia, likafyeka nyasi, likazibua mfereji na kupaka mawe chokaa. Takataka zikilala siku mbili, mwalimu wa zamu alijua amwite nani.

Sasa ninaishi Dar es Salaam. Swali lile lile nimewauliza wakubwa, na sijapata jibu.

Mwaka 2022 mke wangu alitumbukia katika mtaro, si mbali na nyumbani. Mfuniko wa zege ulikuwa umevunjika kwa miezi mingi. Mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amesimika tawi la mti pale liwe alama, lakini siku ile tawi halikuwapo. Mama alivunjika nyonga. Nilipokwenda kulalamika, ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza. Baadaye mfuniko mpya uliwekwa. Hatua kumi mbele yake mwingine umekwisha vunjika. Leo mke wangu hupanda bajaji kwenda sokoni, mwendo wa hatua mia nne.

Wapo watakaosema kwamba ardhi hakuna. Si kweli. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande. Katika mita hizo zote, mtu wa miguu anaomba mbili au tatu tu.

Watasema fedha hakuna. Lakini mtu wa miguu naye hulipa. Tozo ya mafuta imo ndani ya nauli yake ya daladala, na imo ndani ya bei ya nyanya anazonunua. Analipia barabara kila siku, kisha anaambiwa akanyage matope kando yake.

Watasema ujuzi hakuna. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilipata njia pana za waenda kwa miguu. Tuliweza. Shirika la Amend nalo limefanya kazi kwenye shule za jiji hili ambako watoto waligongwa mara kwa mara. Dawa yake haikuwa ya miujiza: njia za miguu, matuta, vivuko, na pengine kuhamisha geti la shule. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Wageni wametusifu kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatujalifanya kuwa desturi.

Mwaka huo wa 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, nilisema, ingawa moyo uliniuma kwa ajili yao, kwamba angalau tutapita. Katika mtaa ninaoupita mimi, haukuisha mwezi kabla magari hayajaegeshwa palepale. Mnyonge aliyeuza soksi aliitwa kero. Mwenye gari hajaitwa chochote. Bodaboda nazo zikiona foleni hupanda njia ya miguu, na anayepigiwa honi asogee ni mzee mwenye mkongojo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Na kivuli je? Jua la Januari si jua la kutembelea kipara wazi. Tukipanua barabara, mwarobaini ndio wa kwanza kuanguka, na mche wa kuufidia, ukipandwa, hufa kwa kiu kabla ya masika. Mti una faida mara mbili: humpa mtembeaji kivuli, na mizizi yake husaidia ardhi kunywa mvua.

Ndiyo sababu nautazama kwa matumaini na kwa wasiwasi mpango wa bonde la Mto Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Umekusudia kudhibiti mafuriko, kujenga daraja jipya la Jangwani, na kuweka bustani kubwa ya jiji bondeni. Ni wazo jema sana. Lakini nauliza mapema, kabla utepe haujakatwa: nani atafyeka? Nani atazibua mifereji mwaka wa tano, wafadhili wakiisha kuondoka?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nataka kila mtaa uwe na mtu anayelipwa, mwenye toroli, koleo na ufagio, na jina lake libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Nataka bajeti ya kila barabara itaje kwa tarakimu fungu la kutunza njia ya miguu, tulisome mkutanoni. Na sisi wananchi tuache kuiba vyuma vya mitaro na kuuza kwa kilo, kwani mguu utakaovunjika huenda ukawa wa mama zetu.

Wakubwa wa jiji, shukeni kwenye gari siku moja, mtembee nami hadi sokoni. Ni hatua mia nne tu. Mke wangu atatungoja mlangoni, atuulize tumefikaje.