Matairi Mapya, Gari Limechutama

Umewahi kutoa pesa zako, ukarudi nyumbani na bidhaa mpya kabisa, kisha ukagundua kwamba ulichopewa si ulichoagiza? Ikiwa ni sabuni au unga utanung'unika kidogo na mambo yataishia hapo. Lakini ikiwa ni matairi manne ya gari, na safari ya Krismasi imebakisha siku sita, kunung'unika hakutoshi. Hayo ndiyo yaliyonipata Desemba iliyopita.

Sisi hapa Buruburu tuna gari moja dogo, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, kama yalivyo mengi yanayozunguka katika barabara za Nairobi. Ndilo linalotupeleka sokoni na kanisani, na kila mwisho wa mwaka ndilo linalotufikisha nyumbani Wundanyi. Wewe uliyewahi kupanda ile barabara ya kutoka Mwatate unajua kwamba pale hapana mzaha. Ni kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Matairi yetu yalikuwa yamekwisha, vipara kama kichwa cha babu. Nikakopa Sh40,000 kutoka kwa chama chetu cha akina mama, nikamkabidhi kifungua mimba wetu, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu, alipeleke gari gereji Jumamosi asubuhi.

Gereji yenyewe sitaitaja. Jioni kijana alirudi na gari linameremeta, matairi meusi ti! Risiti ilisema: "Tairi 4 R15, Sh38,000. Kazi Sh2,000." Tukampongeza, tukala, tukalala.

Kesho yake tulipokuwa tukitoka kwenda kanisani, gari lilikwaruza tuta la langoni. Krrr! Tuta lile tumelivuka kwa miaka minne bila kuligusa. Nikamtupia jicho shemeji yangu aliyeketi nyuma, ambaye ni mtu mwenye kilo zake, Mungu anisamehe. Tulipokuwa tukirejea, krrr tena, na shemeji tulikuwa tumekwisha kumwacha kwake.

Tuna jirani, mzee aliyeendesha malori ya Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa kibarazani akisoma gazeti. Akasikia ile sauti, akaja pole pole, akalizunguka gari.

"Mama, gari lako limechutama," akasema. "Nani amelivalisha viatu vya mtoto?"

Akafungua mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Miaka minne nimeingia na kutoka kwa mlango ule, na sijapata kukitazama. Kiliandikwa 195/65R15 91S. Kisha akanionyesha ubavu wa tairi jipya: 195/55R15 85V. Mimi niliona nambari zinazofanana. Yeye akacheka, akaniamuru nilete kalamu na karatasi, nami nakuandikia wewe kama nilivyofundishwa.

Nambari ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia, nayo inapima kimo cha ubavu ukilinganishwa na upana huo. Kwa hivyo tairi la 65 lina ubavu wa milimita 127 hivi, na la 55 lina milimita 107. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 15 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Tairi la 15 lenye upana uleule litaingia kwenye rimu ileile na kujaa upepo vizuri, na fundi mwenye haraka atakwambia 15 ni 15.

Nambari inayofuata ndiyo iliyonitia baridi. 91 si kilo 91. Ni nambari ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615. La 85 hubeba kilo 515. Zidisha kwa matairi manne uone: tumepoteza uwezo wa kubeba kilo 400, nasi tulikuwa tukijiandaa kupanda milima ya Taita watu watano, na mizigo, na gunia la mchele juu yake! Herufi ya mwisho ni ya kasi. S ni kilomita 180 kwa saa na V ni 240, jambo ambalo halinisaidii kitu mimi ninayeendesha 80.

Mzee akalitoa tairi la akiba kwenye buti, lile la zamani, akalisimamisha kando ya jipya. Tofauti ya kimo ilikuwa karibu sentimita nne, vidole viwili vizima. Nusu yake ndiyo iliyoshusha tumbo la gari hadi kwenye tuta. Na kwa kuwa gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi, mita ya kasi nayo ilikuwa ikitudanganya: ikisema 100, kumbe tunakwenda 94. Hata zile kilomita zinazohesabiwa zingekuwa nyingi kuliko tulizotembea.

Sasa sikiliza kosa langu. Jumatatu asubuhi sikusubiri hata chai. Nilifika gereji saa tatu kasorobo, wateja wamejaa, nikaanza kupaza sauti nikiwa bado mlangoni. Niliwaita wezi. Nikaapa mbele ya watu kwamba mwanangu hakuambiwa lolote, alibambikiwa tu kwa sababu ni mtoto. Msimamizi, kijana wa miaka thelathini hivi, hakunyamaza.

"Mama, mambo ya magari huyajui," akasema. "Na umeyatumia siku mbili. Si mapya tena." Akaninyoshea kidole kwenye bango la ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Nikaondoka mikono mitupu, natetemeka. Ningekuwa mwanamume labda tungeshikana mashati.

Jioni nilimweleza baba watoto, naye ni mtu wa kuuliza maswali machache. Alimwita kijana, akamuuliza moja tu: "Fundi alikwambia nini?"

Kijana akatazama sakafu. Mwishowe akasema, "Alisema saizi yetu imekwisha, lakini hizi zinakaribiana na ni nafuu. Nikamwambia sawa."

"Na kwa nini hukupiga simu?"

"Kulikuwa na mechi, baba."

Msomaji, nilinyamaza. Si kwa ajili ya mechi. Nilikumbuka kiapo nilichokula asubuhi mbele ya watu wazima kumi, na kumbe kilikuwa cha uongo. Yule msimamizi hakuwa amesema kweli yote, lakini nami sikuwa nimeisema.

Je, kwa kuwa kijana alisema "sawa", tulikuwa tumepoteza haki yetu? La hasha. Gari lilikuwa pale mbele ya fundi na kibandiko chake, na kijana alikwenda kwake akitegemea ujuzi wake. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi ya kitu anachokitaka, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na kupewa habari za kutosha kuzihusu. Ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Bango la ukutani, hata liandikwe kwa rangi nyekundu namna gani, halifuti haki hizo. Na mambo yakishindikana kabisa ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na hukumu inatakiwa itolewe kwa siku 60.

Lakini siku 60 hazikunifaa mimi niliyebakiwa na siku tano. Na kusema kweli, haki yangu ilikuwa na doa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu lilikuwa risiti ya maneno matatu isiyosema hata saizi ya tairi. Ikabidi tulitengeneze upya usiku ule. Tulipiga picha kibandiko cha mlangoni, tukapiga picha ubavu wa kila tairi, na mita ya kilomita. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwepo, wenye saa na kiasi cha pesa. Gari tukaliegesha lisitembee tena, maana kila kilomita ungeongeza ilikuwa ikimpa msimamizi yule hoja. Kisha nikaandika barua fupi, nusu ukurasa:

"Jumamosi iliyopita gereji yako ilitufungia matairi manne ya 195/55R15 85V. Kibandiko cha gari kinataka 195/65R15 91S. Mwanangu aliambiwa kwamba yanakaribiana, akakubali bila kujua tofauti. Gari limetembea kilomita 43 tu tangu siku hiyo. Naomba matairi yabadilishwe kwa saizi ifaayo au nirudishiwe pesa kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi tunasafiri. Nimeambatanisha picha na risiti."

Hakuna tusi, hakuna "wezi". Baba watoto alisoma akaniambia nimkatie neno "tu". Nikakataa.

Jumanne nilikwenda mapema, kabla wateja hawajaja, nikamwendesha gari taratibu yule mzee jirani mbele na kijana nyuma. Nilimwomba msimamizi aniitie mwenye gereji. Kabla ya lolote lingine nikamwambia hivi, "Jana nilisema hamkumwambia mwanangu kitu. Mlimwambia. Hapo nilikosea, unisamehe." Ilinichoma koo, sikufichi. Lakini uso wa yule kijana ulilegea, akaenda mwenyewe kuniletea kiti.

Mwenye gereji alikuwa mzee mwenye miwani na ovaroli iliyopauka. Aliisoma barua mara mbili. Akachuchumaa kando ya gurudumu, akapitisha kiganja juu ya zile nywele za mpira zinazosimama kwenye tairi jipya.

"Bado lina nywele zake," akamwambia msimamizi. "Hili si la kukataa."

Msimamizi akajaribu tena ile hoja ya kwamba mteja alikubali. Mzee akamgeukia mwanangu. "Ulijua 65 ni nini?"

"Sikujua, mzee."

"Na wewe ulijua?" akamuuliza msimamizi. Kimya.

Akaniambia, "Mama, kijana wangu amekosea, na kijana wako amekosea. Basi mimi na wewe ndio tutakaolipa."

Tukaketi kupiga hesabu. Matairi ya saizi yetu yalikuwa yakiuzwa Sh10,500 kila moja, Sh1,000 zaidi ya yale tuliyopewa. Mimi nilitaka anipe kwa bei ileile kama fidia ya usumbufu. Yeye akasema angeniuzia hivyo angepata hasara mara mbili, kwani yale manne aliyoyapokea angelazimika kuyauza kwa bei ya chini. Nikafikiria kwamba kama kijana angepiga simu siku ile, ningelipa hiyo Sh10,500 bila kelele. Nikakubali kuongeza Sh4,000. Yeye akakubali kuyafunga na kuyasawazisha bila malipo, na kuandika risiti mpya yenye saizi kamili, nambari ya gari na idadi ya kilomita. Tukaweka sahihi sote wawili.

Matairi yalipoletwa kutoka stoo, mzee jirani alinikanyaga mguu. Akanionyesha duara dogo kwenye ubavu lenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Matatu yalikuwa ya karibuni. La nne liliandikwa 3117, yaani juma la 31 la mwaka 2017, na mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Nikaliomba libadilishwe, kwa sauti ya chini. Likabadilishwa bila neno. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekaza nati, akaniagiza nirudi azikaze tena baada ya kilomita 50 hivi, nami nikarudi Alhamisi.

Zile Sh4,000 nilimwandikia mwanangu kama deni. Amelipa kwa kuwafundisha hesabu watoto wa mtaani petu wakati wa likizo, na mpaka ninapoandika haya amebakisha Sh1,500. Babake anataka nimsamehe. Bado nafikiria.

Jumamosi alfajiri tulitoka, watu watano na mizigo na gunia la mchele. Tulipolikaribia tuta la langoni kila mtu garini alinyamaza, hata shemeji. Tukapita. Hapakusikika kitu.