Runinga ya Mama Mkwe Yaganda

Mwaka 2015, mitambo ya runinga ya analogi ilipozimwa hapa Mombasa, mama mkwe wangu kule Mtongwe alipata king'amuzi, na pamoja nacho akapata udhia mpya. Zamani picha ikiharibika ilijaa chenga, naye alitoka uani akageuza mlingoti wa antena huku mjukuu akipiga kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo, bibi!" Sasa picha ilikuwa safi kama kioo, kisha ghafla watu wakaganda midomo wazi.

Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumshauri anunue "antena ya dijitali". Fedha alizokuwa nazo bibi zilikuwa za karo.

Nilimweleza kwa mfano wa bahari, maana hiyo anaijua kunishinda. Maji yajaapo pale ferini hayaruki. Hupanda yakipitia kila kimo. Ishara ya analogi ndivyo ilivyo. Sasa mweke kijana na ufito wenye alama, aandike kimo kila baada ya saa moja. Atapata hesabu zilizoachana. Hesabu hizo zikigeuzwa kuwa sifuri na moja tupu, hiyo ndiyo dijitali. Mashine hupima upesi zaidi, bila shaka: sauti iliyo katika sahani ya CD ilipimwa mara 44,100 kwa kila sekunde.

Mainjinia wana migawanyo mingine pia. Maji hujaa tena baada ya takriban saa 12 na dakika 25, na mvuvi anajua mapema siku za bamvua na za maji mafu. Hiyo ni ishara inayotabirika. Lakini nani awezaye kutabiri honi za matatu za Likoni? Chenga za runinga ni za ukoo huo wa pili.

Katika analogi chenga ziliingia ndani ya picha, lakini jicho bado liliona nani amefunga bao. King'amuzi hakifanyi hivyo. Makosa machache hukisahihisha chenyewe wala hutambui. Yakizidi kiasi, husimama papo hapo. Kwa hiyo kuganda si dalili kwamba kidude kimekufa. Mara nyingi ishara inafika ikiwa dhaifu. Na antena haijui analogi wala dijitali. Ilimradi ni ya UHF na nzima, itanasa zote mbili.

Tulipanda juu ya bati. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula kiungo cha waya hata shaba imegeuka kijani. Tukakata, tukaunga upya, tukafunga vizuri. Picha ikarudi na karo ikabaki.

Bibi alitazama taarifa ya habari mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Hata hivyo, mwanangu, mimi nazitaka chenga zangu," alisema. "Zile zilikuwa zikibisha hodi kwanza."