MKULIMA WA MPUNGA HANA TAMAA, ANAJINUSURU!

Ndugu msomaji, ukimwona mkulima wa mpunga wa Rufiji asubuhi yuko shambani, jioni yuko juu ya bodaboda, na mkewe anakaanga samaki wa kuuza, usiseme wana tamaa. Aprili 2024 mto ulifurika, ukameza mashamba na nyumba. Mwaka mwingine mvua hukatika mpunga ukiwa na mimba. Bodaboda ile na samaki wale ndiyo bima yao.

Na mlalahoi asiye na pikipiki wala nyavu? Huuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya kutupa!

Vigogo huyaita haya "ujasiriamali". Danganya toto! Mifereji iko wapi? Mikopo ya riba nafuu iko wapi? Wakija kuomba kura, waulize.