Uongo Njoo, Utamu Kolea

Kila ninaposema kwamba vijana wetu wa sekondari wanahitaji riwaya za kutisha kwa Kiswahili, zenye majini, misukule na mizimu, jibu la walimu na wazazi huwa lile lile: utawaharibu watoto kwa mambo ya kishirikina. Wanaosema hivyo si wajinga. Ni watu wanaotafuta ada kwa jasho, na wanajua kuwa kwetu neno uchawi linaweza kumfukuza mtu kijijini. Lakini wanamzuia mwizi dirishani huku mlango wa mbele uko wazi.

Mimi ni wa Kwaluguru. Ukitaja Handeni mbele ya Watanzania wa mikoa mingine, atatokea wa kukuuliza kwa kicheko kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Mtoto aliyekulia kwenye utani huo hasubiri riwaya ndipo aogope. Kabla hajajua kusoma ameshasikia habari za mumiani wanaonyonya watu damu. Bundi akilia juu ya paa, ameshaambiwa maana yake. Kwenye kibanda umiza ameangalia filamu za Kinigeria pamoja na zetu wenyewe, kina Nsyuka na Shumileta, bila mtu kumuuliza ana miaka mingapi. Kwenye nguzo ya umeme amesoma tangazo la mganga anayerudisha mali iliyoibiwa. Kwenye mkutano wa injili amesikia ushuhuda wa mtu aliyetoka kuzimu, na kwenye simu ya kaka yake amesikiliza ujumbe wa sauti kuhusu msukule aliyeonekana kijiji cha pili.

Ukiacha filamu, vitu hivyo vyote vinamwambia mtoto jambo moja: hii ni kweli. Na mara nyingi vinakwenda hatua moja mbele, vinamtaja mtu. Jirani fulani. Bibi fulani. Mgeni fulani mwenye gari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaolinda maadili. Wanadhani hatari iko kwenye kutisha. Mimi nasema hatari iko kwenye kutisha kunakojifanya habari.

Wazee wetu walilijua hilo. Bibi hakuanza tu kusimulia zimwi. Alisema, "Hadithi, hadithi!" Nasi tukajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Sikiliza maneno hayo. Watoto wenyewe wanauita uongo kwa jina lake, wanaukaribisha ndani ya nyumba, na wanajua kuwa hadithi ikiisha utatoka. Zimwi linaruhusiwa kumeza kijiji kizima kwa sababu kila aliyekaa pale amekubali kwamba kijiji hicho hakipo. Uvumi wa mumiani hauna uongo njoo. Unaingia bila hodi na hautoki.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha waliuawa na wanakijiji pamoja na dereva wao. Walikwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo. Uvumi ulisema ni wanyonya damu. Uvumi huo haukutoka kwenye riwaya. Januari 2015 serikali ilipotangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli, baada ya miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino, waliokuwa wakitafutwa walikuwa watu waliouza hofu kama dawa, pamoja na wateja walioinunua. Hapakuwa na mtunzi wa hadithi kati yao.

Kwa hiyo ukimnyang'anya kijana kitabu cha kutisha, hujamwondolea hofu. Umemwondolea sehemu pekee ambapo angeweza kuishika hofu mkononi, kuifungua, kuifunga, kurudia ukurasa, na kujiuliza: nani anasimulia? Amejuaje? Anapata nini nikimwamini? Kijana aliyezoea kumuuliza msimulizi maswali hayo atauliza pia ujumbe wa sauti ukimfikia.

Wapo wanaosema huu ni mtindo wa Wazungu. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Tanga, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, na ndani yake kuna majini, na ndugu waliogeuzwa manyani ambao Adili analazimika kuwachapa viboko kila usiku. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Jina linaahidi mizimu, kisha Bwana Msa na kiko chake anauliza maswali mpaka muuaji anabaki kuwa binadamu. Mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o alitoa Mirathi ya Hatari, riwaya ya kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Na kabla ya hao wote, Steere alipochapisha hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870, alikuwemo nunda mla watu, paka aliyeachwa akaanza na kuku na kuishia kwa binadamu.

Hata kwetu Handeni hatuna haja ya kuazima. Soma Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi. Mbega wa Nguu ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo hakupaswa kuishi. Anaponea. Wazazi wanakufa, ndugu wanamnyima urithi na kumwona mkosi. Anakimbilia Kilindi, anapendwa kwa uwindaji wake, kisha mtoto wa mkubwa wa pale anafia mawindoni, na Mbega anakimbia tena. Mwisho anatawala Usambaa. Mtoto ambaye kijiji kizima kinaamini ni laana, ambaye kila anakofika kifo kinamfuata, na msomaji hajui kama mkosi uko ndani yake au ndani ya macho ya wanaomtazama: mwandishi gani wa vitabu vya vijana angeikataa hadithi hiyo?

Wenzetu hawakuikataa ya kwao. R. L. Stine alianza mfululizo wa Goosebumps mwaka 1992, na watoto wa Marekani waliojulikana kwa kuchukia kusoma wakaanza kusubiri kitabu kinachofuata. Nnedi Okorafor alitoa Akata Witch mwaka 2011, akachukua vinyago na juju za Nigeria akampa msichana wa miaka 12 azitembelee kama mtu anayejifunza mtaa mpya. Kijana wa Korogwe mwenye Kiingereza kizuri anaweza kuijua mizimu ya Wanigeria vizuri kuliko ya bonde lake mwenyewe.

Kwa nini? Kwa sababu wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa soko la shule, na shule inaogopa. Februari 2023 wizara ya elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, Diary of a Wimpy Kid vikiwemo, kwa hoja ya maadili. Sijadili hapa kitabu kimoja kimoja. Nasema tu kwamba kitabu tunakikagua ukurasa kwa ukurasa, na kibanda umiza hatukikagui hata mlangoni.

Namfahamu msichana mmoja wa kidato cha pili, shule siitaji, aliyekuwa akiandika hadithi kwenye kurasa za mwisho za daftari lake la jiografia. Ilihusu misukule wanaokata mkonge usiku. Asubuhi wafanyakazi wanakuta kazi imekwisha, na bwana shamba hana wa kumlipa. Mwalimu aliiona, akaichana, akaagiza mtoto aombewe. Mimi nilisimuliwa hadithi hiyo na mwandishi wake, na nywele zilinisimama. Hapa ni Korogwe. Mashamba haya yalikatwa na manamba walioletwa kutoka mbali kwa mikataba na ujira mdogo, na wengine hawakurudi kwao. Mtoto wa miaka 15 alikuwa amegundua, bila mhadhara wa chuo kikuu, kwamba msukule ni habari ya mtu aliyeibiwa kazi yake. Hapakuwa na ushirikina katika daftari lile. Palikuwa na historia, na ikachanwa.

Sasa niwageukie waandishi, maana lawama si ya walimu peke yao. Hadithi nyingi za kutisha tunazoandika kwenye magazeti na simu ni mbovu, na ubaya wake unaua. Mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Anakamatwa uchi alfajiri. Anaombewa au anachomwa, na hadithi imekwisha. Mnajua kwamba Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mkiandika hivyo mnarudia uvumi kwa aya nzuri zaidi, na mnampa mwalimu mchanaji hoja yake.

Wapeni vijana kigego ambaye si mkosi. Wapeni mwenye kuvumisha habari za mumiani, na usiku anaoanza kuvumishiwa yeye. Andikeni njaa ya miaka ya 1830 iliyowafanya Wazigua wengi waishie utumwani Somalia. Baadhi ya wajukuu wa wajukuu wao walirudi zaidi ya karne moja na nusu baadaye kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, hapa hapa Handeni, wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Mnatafuta mzimu upi zaidi ya huo, lugha iliyotoka na watu ikarudi bila wao?

Na mzazi, ukimkuta mwanao anasoma chini ya blanketi kwa tochi ya simu, usimpokonye. Asubuhi mwambie akusimulie. Aanze kama tulivyofundishwa, nawe umjibu kwa sauti: uongo njoo. Kisha muulize zimwi lilikuwa nani.