Mlango wa oveni umegoma, tumlaumu nani?

Leo mnivumilie kidogo. Nina hasira, na hasira yangu inaanzia jikoni.

Mama yangu mdogo anaoka keki za send-off na harusi nyumbani kwake Tabata. Oveni yake ni ya umeme, kubwa, ya mtumba, ile yenye kitufe cha kujisafisha yenyewe. Ijumaa moja usiku akaona imejaa mafuta, akabonyeza kitufe hicho. Haukupita muda umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, utadhani kuna mtoto anachezea swichi huko mitamboni. Asubuhi oveni imepoa, lakini mlango haufunguki. Na jioni ile ana keki ya ngazi tatu, tena kishalipwa.

Tukaita fundi. Alikuja na bisibisi mbili na maneno mengi. Hakuwa hata na tesita. "Mama, hii bodi imekufa," akasema, na bei yake laki tatu. Tulipoguna, akasema basi tuufungue kwa nguvu. Na mimi, mwandishi wenu msomi, ndiye niliyemshikia tochi! Komeo likavunjika, kioo cha ndani kikapasuka. Keki ikaokwa vipande vipande kwa jirani na kufika ukumbini saa nne usiku. Mama mdogo alirudisha laki moja na nusu na kuomba radhi mbele za watu.

Jumatatu akaja kijana mwingine. Baada ya shikamoo, kabla hajagusa chochote, aliuliza: Ilikuwa inafanya nini ilipogoma? Umeme ulikatika? Kulikuwa na alama ya kufuli pale inapoonyesha saa? Alipojibiwa akatikisa kichwa. "Mngezima meni swichi dakika kumi, mkawasha, mkasubiri. Huenda ingefunguka yenyewe."

Huenda! Laki moja na nusu, kioo na aibu, kwa kukosa sentensi moja.

Ngoja niwape nilichojifunza, maana hakuna aliyetuambia. Keki inaokwa kwenye nyuzi 180 hivi. Oveni inapojisafisha joto hupanda hadi karibu nyuzi 500, uchafu ugeuke majivu. Ndiyo maana mlango hujifunga, na haufunguki mpaka joto lishuke, hata kama ni saa nzima na zaidi. Mota ndogo inasukuma komeo, na kiswichi kidogo kinaiambia bodi komeo limefika wapi. Umeme ukichezacheza katikati, komeo linabaki njiani na bodi inachanganyikiwa. Ukizima umeme wote kisha ukawasha, oveni nyingi hujaribu kurudisha komeo mahali pake. Isipokubali, anzisha usafi upya kisha uufute papo hapo, mota izunguke.

Kuna na kufuli ya watoto: katika modeli nyingi unashikilia kitufe kama sekunde tatu, basi. Na kama tatizo ni mlango kukataa kujifunga, angalia kwanza kama unafika mwisho: bawaba zimelegea? Mpira umechomoka? Chembe zimeziba tundu la komeo? Halafu kuna kihisi joto. Kikiharibika kinaidanganya bodi kwamba ndani bado kuna moto, nayo haiachii mlango. Katika oveni nyingi, kihisi kizima kikipimwa kwenye joto la Dar kinasoma karibu omu 1,100. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tesita, umeme ukiwa umezimwa. Bodi ni ya mwisho kushukiwa, siyo ya kwanza.

Najua mtasema: fundi yule ni tapeli. Inawezekana. Lakini mimi nasema fundi ni wa mwisho kwenye foleni ya lawama. Nani alimfundisha? Kwa kijitabu kipi? Oveni ile iliuzwa bila hata karatasi. Mwaka jana rafiki yangu alinunua mpya kabisa, ikaja na kijitabu kinene: Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, Kichina. Kiswahili hamna.

Mwaka 2021 UNESCO iliipa lugha hii siku yake, Julai 7, tukashangilia. Mwaka huohuo tukatunga sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Hakimu tumemtaka aseme nasi tukamwelewa. Mashine yenye moto wa nyuzi 500 karibu na watoto wetu, hiyo tumeiacha iongee Kijerumani?

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Sisi waandishi tumeimba wimbo huo mpaka sauti zimekauka. Lakini mkaa haugomi kufunguka! Ukimtoa mtu kwenye jiko la mkaa ukampeleka kwenye jiko la umeme asiloweza kulitengeneza, siku likigoma atarudi kwenye gunia lake, na hatakusikiliza tena.

Utaniambia mtumba hauna dhamana. Sawa, basi tuanze na mpya. Ulaya, tangu Machi 2021, wenye viwanda vya friji na mashine za kufulia wanatakiwa kuhakikisha spea zinapatikana kwa miaka 7 hadi 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na kuwapa mafundi maelezo ya matengenezo. Walishurutishwa na sheria, si huruma. Sisi tudai angalau hatua ya kwanza: anayeuza mashine hapa atoe maelezo ya Kiswahili, na ukurasa mmoja wa nini cha kufanya ikigoma. Akikataa, usinunue.

Komeo tumelipata kwenye oveni mbovu, kioo bado tunatafuta. Mama mdogo amechukua karatasi ya daftari, akaandika kwa mkono wake: ZIMA MENI SWICHI. SUBIRI DAKIKA KUMI. WASHA. USIMWITE MTU KWANZA. Ameibandika ukutani kando ya oveni.

Karatasi ile ilitakiwa iandikwe na kiwanda. Naomba kuwasilisha.