Ngozi na Viungo: Maradhi Mamoja, Mgonjwa Mmoja

Mkazi wa Nyakato akitokwa na mabaka yenye magamba viwikoni na magotini, mara nyingi huanzia duka la dawa. Huuziwa dawa ya fangasi ya kupaka, na isipomfaa hubadilishiwa yenye steroidi kali. Majirani nao huanza kujitenga naye, na minong'ono ya kurogwa husikika. Miaka ikipita, vidole vikimvimba, huambiwa ana baridi yabisi na kupewa vidonge vya maumivu. Ni nadra mtu kumwambia kwamba mabaka yale na maumivu haya yaweza kuwa na asili moja.

Asili hiyo ni soriasisi. Hailetwi na fangasi, uchafu wala uchawi, na haiambukizwi kwa kushikana mikono wala kulala kitanda kimoja. Ni kinga ya mwili iliyopotoka, na kwa sehemu hurithiwa. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kufika juu, hufika kwa siku chache tu, zikarundikana na kuwa magamba. Maambukizi ya koo, majeraha, msongo wa mawazo, pombe na sigara huweza kuichochea. Virusi vya UKIMWI huweza kuizidisha. Juu ya ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau, kahawia au kijivu, hivyo anayetafuta wekundu huyapita bila kuyatambua.

Kinga hiyo hiyo huweza kushambulia viungo, kwa wagonjwa wapatao hadi 3 katika kila 10. Dalili zake ni kidole kizima kuvimba, kisigino kuuma, mwili kukakamaa asubuhi, na kucha kuwa na vishimo vidogo. Kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, kuchelewa huko ni kupoteza riziki.

Soriasisi haina tiba ya kuifuta kabisa, lakini hudhibitiwa. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, na dawa za kupaka zenye steroidi hufaa zikitumiwa kwa maelekezo ya daktari. Vidonge au sindano za steroidi zikikatishwa ghafla huweza kuulipua ugonjwa mwili mzima. Methotreksati husaidia ngozi na viungo pia, ila humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku. Haifai kwa mjamzito, na damu na ini la mgonjwa hupimwa mara kwa mara.

Huenda ikasemwa kwamba madaktari wa ngozi ni wachache. Ni kweli, ingawa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikiandaa wataalamu tangu 1992, na Hospitali ya Bugando hupokea rufaa za Kanda ya Ziwa. Lakini rufaa haianzii Bugando. Huanzia zahanati, kwa mhudumu anayejua la kuuliza. Aonaye mabaka na aulize habari za viungo. Asikiaye habari za viungo na aombe kuona viwiko, kucha na utosi. Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha. Kutoyauliza ndiko kunakomgawa mgonjwa mmoja kuwa wawili, na wote wawili wakabaki bila tiba.